Gari la Petroli au la Dizeli? Kaa Kwanza Uhesabu

Akina mama wenzangu, wako wanaodhani kwamba habari za injini ni za wanaume, na kwamba kazi ya mke ni kuuliza gari lina rangi gani na viti vingapi. Mimi siamini hivyo. Gari likishaingia nyumbani linakula pamoja na watoto. Linakula kabla ya ada na sare, na mara nyingine hata kabla ya sabuni na chumvi. Mlaji wa namna hiyo akitaka kuingia katika nyumba yako, je, si haki yako kuuliza anakula nini, anakula kiasi gani, na akiugua atatibiwa na nani?

Tena yafaa tukumbuke kwamba mtu wa kwanza kusafiri safari ndefu kwa gari la petroli alikuwa mwanamke, mke na mama wa watoto. Mwaka 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari alilolitengeneza mumewe, Karl Benz, akawapakia wanawe wawili na kuondoka Mannheim kwenda kwa mama yake mjini Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Vituo vya mafuta havikuwapo duniani. Alinunua mafuta yake katika duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake, na kwenye milima wanawe walishuka wakasukuma. Basi asije mtu akatuambia kwamba mambo haya hayatuhusu.

Sisi tunaishi Rugu, wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera. Tunalima migomba, kahawa na maharage, nami ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto wanne, na tunaishi na mama mkwe wangu ambaye ana shinikizo la damu na hana budi kwenda kliniki kila mwezi. Kwa miaka sita tuliweka akiba kidogo kidogo, fedha za kahawa na sehemu ya mshahara wangu. Zilipofika shilingi milioni 14 tukasema, sasa tunaweza kutafuta gari lililokwisha tumika. Hapo ndipo lilipozuka swali lililotuchukulia jioni nyingi baada ya chakula: tununue la petroli au la dizeli?

KILA MTU NA SABABU ZAKE

Baba watoto alikuwa ameona pikapu ya dizeli mjini Bukoba, bei yake milioni 14. Mimi nilikuwa nimepata habari za gari dogo la abiria la petroli, lenye viti saba, kwa milioni 10. Tofauti ni milioni 4. Na mwaka huo binti yetu wa kwanza alikuwa anamaliza kidato cha nne, akitamani sana kwenda chuo cha uuguzi. Kwangu mimi zile milioni 4 hazikuwa tarakimu tu. Zilikuwa na sura ya mtoto.

Lakini sitaki kumsema mume wangu kana kwamba hakuwa na hoja. Alikuwa nazo, tena nzuri. Alisema dizeli ina nguvu, na barabara zetu ni za milima. Wakati wa mavuno ya kahawa, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, kila mwaka tunalipa gari la mtu kubeba magunia. Dizeli hula mafuta kidogo kuliko petroli. Tena injini ya dizeli ikitunzwa huishi miaka mingi. Kila neno hapo ni kweli.

Na mimi nilisema kwamba gari letu litabeba watu mara nyingi kuliko magunia, kwamba mama mkwe hawezi kupanda pikapu iliyo juu namna ile bila kushikwa huku na huku, na kwamba tukitoa milioni 14 zote hatutabakiwa hata na fedha ya kununulia matairi. Hayo nayo yalikuwa kweli. Basi tulipoona kwamba wote wawili tunasema kweli na bado hatupatani, tukaamua kuacha kushindana kwa maneno, tujifunze kwanza, halafu tupige hesabu.

TOFAUTI YAKE NI NINI HASA?

Fundi mmoja wa Kayanga, mzee mpole, alitueleza kwa njia ambayo hata mwanangu wa darasa la tano aliielewa. Injini ya petroli, alisema, ni kama jiko la gesi: mafuta huchanganywa na hewa, kisha plagi hutoa cheche, yakawaka. Bila cheche hakuna moto. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Je, umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ukaishika pampu baadaye? Utaikuta ina joto. Ndivyo ilivyo: hewa ikibanwa sana hupata moto. Injini ya dizeli huibana hewa kwa nguvu nyingi mno, kisha dizeli hupulizwa ndani, ikawaka yenyewe kwa joto lile. Aliyebuni njia hiyo ni Rudolf Diesel, na injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa hata kwa mafuta ya karanga.

Kutokana na jambo hilo moja, mengine yote yanafuata. Kwa kuwa hewa inabanwa sana, injini ya dizeli hujengwa kwa chuma kizito zaidi. Ndiyo maana huwa ghali, na ndiyo maana huvumilia. Kwa kuwa inatumia vizuri joto la mafuta, hula kidogo na huvuta mzigo mzito hata ikizunguka polepole. Lakini kwa kuwa dizeli hupulizwa kwa msukumo mkubwa kupitia matundu madogo sana, pampu na nozeli zake ni vyombo vya thamani vinavyochukia maji na uchafu. Vikiharibika, gharama yake si ya mchezo. Magari ya dizeli ya siku hizi, yanayoongozwa na kompyuta, ndiyo yanayodeka zaidi. Nozeli zake ni ghali na si kila fundi wa vijijini ana kifaa cha kuzipima.

Petroli kwa upande wake hula zaidi, lakini matibabu yake ni mepesi. Plagi mpya unaweza kuzinunua kwa fedha za kuku wachache, na fundi wa kuzifunga yupo karibu kila mji mdogo.

KALAMU NA KARATASI

Katika Injili ya Luka kuna habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama, asije akaacha msingi mtupu na watu wakamcheka. Nasi tuliketi. Nilichukua daftari la shule nikaandika safari zetu zote za wiki: Kayanga sokoni, kliniki, ibada, kuwapeleka watoto, kwenda kuwaona wazazi wangu. Zikafika kilomita 150 kwa wiki, yaani 7,800 kwa mwaka.

Fundi alitukadiria kwamba lile gari la petroli, kwa barabara zetu, litakwenda kilomita 9 kwa lita, na pikapu ya dizeli kilomita 11. Basi petroli ingekula kama lita 867 kwa mwaka, na dizeli lita 709. Tofauti ni lita 158. Kwa wepesi wa hesabu tukaweka bei ya shilingi 3,200 kwa lita kwa mafuta yote mawili. Jibu: gari la dizeli lingetuokolea kama shilingi 500,000 kwa mwaka.

Baba watoto alifurahi. "Unaona?" akaniambia. Nikamwambia, "Naona, baba. Sasa tugawe." Tulizidisha milioni 4 kwa ununuzi. Ili tuzirudishe kwa kuokoa laki 5 kila mwaka, itatuchukua miaka 8, tena kama pampu haitaharibika hata siku moja katika miaka hiyo 8.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo la haki kabisa: "Na kama tungekuwa wafanyabiashara?" Tukahesabu na hilo. Mtu anayekwenda kilomita 150 kwa siku, siku 6 za wiki, angeokoa kama milioni 3 kwa mwaka, naye angerudisha zile milioni 4 ndani ya mwaka mmoja na miezi minne. Kwa mtu huyo dizeli ni hekima. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, usiulize ni mafuta gani yaliyo bora duniani. Uliza: sisi tunakwenda kilomita ngapi, na tumebeba nini?

Na magunia ya kahawa je? Tulihesabu kwamba kukodi gari la mizigo kwa siku chache za mavuno kunatugharimu chini sana ya kile ambacho pikapu ingetudai mwaka mzima. Aliyekuwa akitubebea ni jirani mwaminifu. Tuliona heri tuendelee kumpa riziki yake.

MAFUTA YENYEWE

Iko desturi ya kusema kwamba dizeli ni rahisi kuliko petroli. Zamani mara nyingi ilikuwa hivyo, lakini si jambo la kutegemea. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei zote zilipita shilingi 3,000 kwa lita, na kulikuwa na miezi ambayo dizeli ilikuwa juu ya petroli. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi, mji kwa mji. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuko mbali na bandari, hivyo nauli ya mafuta iko ndani ya kila lita tunayonunua. Tena tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa, na badala yake kodi ikaongezwa kwenye mafuta. Maana yake, anayechoma mafuta mengi hulipa zaidi, na anayeliacha gari lake nyumbani hulipa kidogo. Kwa familia yenye safari chache hiyo ni nafuu.

Jambo kubwa zaidi ni usafi wa mafuta. Huku vijijini mafuta huuzwa pia kwenye madumu na chupa kando ya njia. Huwezi kujua yamekaa wapi wala yamechanganywa na nini. Kwa miaka mingi walikuwapo wafanyabiashara waliochanganya dizeli na mafuta ya taa, hata mwaka 2010 Serikali ikaanza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwanasa, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu huo iishe. Mafuta machafu huumiza injini yoyote, lakini pampu ya dizeli hutegemea mafuta yale yale kuilainisha, na maji kidogo tu huweza kuiua.

Tunaye jirani ambaye alinunua gari la dizeli kwa bei ya kuvutia. Mwaka wa pili pampu ilikufa. Gari lilikaa chini ya mwembe msimu mzima wa mvua, kuku wakitaga ndani yake, mpaka alipouza kipande cha shamba la migomba ndipo likatengenezwa. Mke wake aliniambia, "Mwalimu, shamba lile ndilo lililokuwa likitulisha mwezi wa kumi na moja." Sijalisahau neno hilo.

GARI LA SAA NANE ZA USIKU

Kuna jambo ambalo daftari halikuweza kutuonyesha. Mwanamume akifikiria gari huona mchana, barabara na mzigo. Mama huona saa nane za usiku, mtoto ana degedege, au mwanamke wa nyumba ya pili ameshikwa na uchungu. Rugu kuna baridi usiku, na injini ya dizeli inataka joto ili iwake. Ndiyo maana ina plagi zake za kupasha joto. Zikiwa nzima, huwaka bila tabu. Zikiwa zimechoka, au betri ikiwa dhaifu, hata gari zuri hukataa.

Niliwahi kusimama gizani nikiwa nimeshika taa, vijana sita wakisukuma gari la dizeli kwenye mteremko ili liwake, na mzazi mtarajiwa ndani yake akiomba Mungu kwa sauti. Liliwaka, na mtoto akazaliwa salama hospitalini. Lakini tangu usiku ule nimejua kwamba gari la familia hupimwa kwanza kwa swali hili: je, litawaka likihitajika? Kwa gari kuukuu, liwe la petroli au la dizeli, jibu hulipata asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi kabisa.

SIKU YA KUKAGUA

Kwa sababu hiyo tulipokwenda kuliangalia gari tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wala hatukumwambia mwenyewe saa tutakayofika. Nikaweka kiganja changu juu ya boneti. Kama ingekuwa na joto, ningejua kwamba ameliwasha mapema kuficha ugonjwa. Haya mengine tulifundishwa na fundi, nami nawapa kama nilivyopewa:

Tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili, imechakaa. Moshi mweusi mwingi kwenye dizeli ni dalili ya nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya injini, au, kwa dizeli, mafuta yasiyoungua.

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, ondoka. Oili nyeusi kwenye dizeli isikutishe, huwa nyeusi upesi. Lakini iwe na kina cha kutosha.

Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili tena. Kikirushwa kwa pumzi nyingi, ringi zimekwisha.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Si kila injini inao, lakini yenye nao ukikatika huweza kuiharibu injini nzima. Asiyejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba ni juu yako kuubadilisha.

Lipandishe mlima, watu wakiwa ndani. Kwenye tambarare kila gari ni zuri.

Mwisho, nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, asilipwe na muuzaji. Na kadi ya gari ihakikishwe kabla fedha haijatoka mkononi.

USALAMA WA NYUMBANI

Tukiisha kuchagua petroli, ilitupasa kuweka sheria nyumbani. Mvuke wa petroli hushika moto upesi mno, hata kwa cheche ndogo, mahali ambapo dizeli isingewaka. Hatukumsahau yeyote kati ya wale waliofariki Morogoro mwezi wa nane mwaka 2019, zaidi ya watu 100, walipokuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Kwa hiyo kwetu dumu la petroli haliingii ndani ya nyumba, wala haliwekwi jikoni, wala mtoto hatumwi kulinunua. Moshi wa dizeli nao una ubaya wake. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba unasababisha saratani. Wenye magari hayo wasiyaache yakinguruma mbele ya mlango au dirisha wanapolala watoto.

Na ukifika kituo cha mafuta, usikae kimya ndani ya gari. Taja kwa sauti, "Petroli!" au "Dizeli!" Kisha tazama bomba. Petroli ikitiwa katika gari la dizeli huharibu pampu. Ikitokea hivyo, usiwashe hata kidogo. Mwite fundi aitoe yote kwanza.

TULIVYOAMUA

Tulinunua lile la petroli. Haikuwa ushindi wangu juu ya mume wangu, la hasha. Yeye ndiye aliyeandika jibu la mwisho katika daftari, akaliweka sahihi kwa mzaha kama karani. Milioni 4 zilizobaki hazikugeuka kuwa vitu vya kuonekana. Laki 9 zilikwenda kwenye matairi, betri na bima. Iliyosalia ililala benki hadi binti yetu alipopata nafasi ya chuo, ndipo ikaondoka naye.

Kuna siku tunapopanda mlima na gari limejaa, mume wangu hunitazama na kusema, "Dizeli ingekuwa imeshafika." Nami humjibu, "Ingefika, baba, lakini ingefika bila ada." Tunacheka, tunabadili gia, tunaendelea.

Dada yangu, huenda kwako jibu litakuwa jingine. Kama mnaishi kwa kusafirisha mizigo, kama kila siku mko Bukoba au Mutukula, kama fundi mzuri wa pampu yuko karibu nanyi, dizeli inaweza kuwa mtumishi mwema wa nyumba yenu. Ninalokuomba ni moja tu: usikubali uamuzi huo upite juu ya kichwa chako, wala usiufanye peke yako kwa siri. Chukueni daftari. Andikeni kilomita, mzigo, bei, fundi, na jina la kila mtoto mwenye ada. Kisha mkishaona pamoja, amueni pamoja.